Jibu la Posa kwa Kiingereza

Usiku wa jana niliota maneno matano ya Kiingereza yamekaa barazani kwangu, yamevaa kanzu na mabaibui, yamekuja kuposa.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai mambo ya maana. Nilichoshangaa ni kwamba yalikuwa yamevua viatu na kuvipanga vizuri mlangoni, jambo ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawajaliweza hadi leo.

"Mwalimu Singano," ikaniambia kamusi yangu, iliyokuwa mezani ikijikuna mgongoni pale gundi ilipobanduka. "Wageni wamefika. Na mimi naomba leo unipumzishe. Umenifungua ukurasa ule ule mpaka nimefanya kidonda."

"Wamekuja kumposa Sauda?"

"Sauda kaposwa na mtu. Hawa wamekuja kukuposa wewe. Utakayemchagua anahamia humu ndani."

"Mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana wamevaa vizuri," ikasema kamusi.

Lazima niseme kwanza yaliyotokea mchana, kabla sijalala, maana bila hayo mtadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mpwa wangu Sauda, mtoto wa dada yangu Mwantumu, ameletewa posa. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo jibu linatoka kwangu mimi mjomba. Anayeposa ni Sulaiti Kaddu, kijana wa Kiganda aliyekuja hapa Muheza kufunga mashine za kukamulia machungwa. Kijana mwenye adabu zake. Alimtuma mshenga, Mzee Mntambo, na barua ya posa imeandikwa kwa Kiswahili kilichotulia kuliko changu.

Siku barua iliposomwa, Sauda aliinuka bila neno, akaenda jikoni, akarudi na birika la chai, akalitua mezani kwa kishindo. Kisha akatoka. Dada akanigeukia.

"Umelisikia birika? Mtoto hamtaki. Mjibu mwenzako." Halafu akashusha sauti. "Ila mjibu kwa Kiingereza. Mganda yule. Ukimjibu kwa Kiswahili, ataenda kusema kwao kwamba tumemkataa na shule hatukusoma."

Nilikubali haraka mno. Nimefundisha Kiingereza mpaka nywele zimekwisha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kukihitaji.

Kwetu, posa isiyojibiwa huhesabiwa imekubaliwa. Walitupa muda mpaka Ijumaa, baada ya swala. Jana ilikuwa Alhamisi, na karatasi yangu ilikuwa na salamu tu, na mkato baada ya salamu, mkato ambao nilikuwa nimeshaufuta na kuurudisha kwa siku nzima.

Kilichonikwamisha ni neno. Kiingereza kina maneno mengi ya kutompenda mtu, yanafanana kama watoto wa tumbo moja, na sikutaka kukosea hata moja mbele ya Mganda. Nililala kichwa kikiwa juu ya kamusi. Basi, turudi barazani.

Anaingia wa kwanza. Ni Hate. Pande la mtu, jasho linamtiririka, na mkono anaonipa ni wa moto. Anakalia stuli ya mninga aliyoniachia marehemu baba. Stuli inavunjika. Anaitazama kwa jicho baya na vipande vinashika moto.

"Nimeambiwa kuna mtu wa kuchukiwa," anasema. "Kaua nani?"

"Hajaua."

"Kaiba?"

"Alimtengenezea dada yangu feni bure."

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka vizuri tu."

Hate anajipangusa jasho. "Mwalimu, mimi nimeacha vita viwili njiani ili nije hapa."

"Samahani sana, mzee."

"Haidhuru. Lakini nikishaandikwa, siondoki. Nitahitaji chumba chenye dirisha. Nitakula na familia. Watoto wa huyo binti watanikuta humu, na wajukuu zake watanikuta."

Nikamwambia chumba chenye dirisha ni kimoja, na ndicho ninacholala mimi. Akasema hicho hicho kinamtosha.

Wa pili ni Loathe, yaani kutomstahimili mtu kabisa, bibi mrefu, mwembamba, wa baibui la hariri, aliyekuja na kikombe chake mwenyewe kwa sababu vyetu hawezi kuvishika. Alinieleza kwamba yeye hatumwi ovyo. Hutumwa na watu walioishi na mtu miaka mingi, wakamjua mpaka sauti ya kutafuna.

"Huyu kijana na binti wameishi pamoja muda gani?"

"Hawajaishi. Sauda anauza kwenye duka la dawa za mifugo. Kijana huja kununua dawa ya ng'ombe."

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Hana ng'ombe."

Bibi Loathe akafumba macho. "Masikini," akasema taratibu, na papo hapo kikombe chake kikapasuka mkononi. Akakiangalia kwa hofu. Kumbe kwa kazi yake, kumwonea mtu huruma ni kosa la kufukuzwa. Akajikusanya, akarudi barazani kukaa na wenzake.

Disgust aliingia amejiziba pua kwa kanga, na kabla ya salamu akatapika kwenye chungu cha maua.

"Samahani," akasema, "sijaona kitu kibaya bado. Ni mazoea tu."

Dada Mwantumu akatoka jikoni na mwiko. "Nani huyo katapika? Kala nini? Kwangu hajala!" Akamfukuza mpaka uani, na nikasikia wakikimbizana kuzunguka kisima kwa muda mrefu, ingawa sisi hatuna kisima.

Baada yake alikuja Dislike. Huyu nilimpenda. Kibwana kidogo, sura ya karani wa kata, mwavuli kwapani, alikaa ukingoni mwa kiti ili asikichoshe.

"Mimi sina madhara, mwalimu. Hata nikipita mtu hasikii."

"Wewe ndiye ninayekutafuta," nikasema. "Kaa vizuri."

"Ila nikutahadharishe. Ukiniandika mimi, kijana atarudi Jumatatu na mbuzi."

"Kwa nini?"

"Watu wakinipokea hudhani nitabadilika. Na kusema kweli," akainama kwa aibu, "nabembelezeka. Mbuzi akiwa mnene, nabadilika."

Wa mwisho, Reluctance, yaani kusitasita, alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Nikamwambia karibu ndani. Akasema anafikiria. Nikamwambia basi toka. Akasema hilo nalo analifikiria.

"Ukiniandika mimi," akasema baada ya muda, "harusi itafanyika. Ila bibi harusi atachelewa."

Nikashika kichwa. Nikaiuliza kamusi nifanye nini.

"Wapime," ikajibu bila kugeuka. "Si ndivyo unavyowapigia kelele watoto wa watu darasani? Pimeni maneno yenu, pimeni maneno yenu. Haya, pima."

Niliposema sawa, tukawa gulioni.

Ni gulio letu la Muheza, watu ni wengi, na mimi nimesimama mbele ya mizani ya zamani yenye vitanga viwili. Maneno yamepanga foleni nyuma yangu kwa utulivu. Mizani ina sauti ya mtu aliyeuza mahindi tangu alfajiri.

"Nani anafuata? Mwalimu, wewe. Weka neno huku, moyo wa binti weka kule. Vikilingana, umepata. Usinishike shike, weka uondoke, watu wana kazi."

Hate akapanda kitanga cha kulia. Kitanga kikashuka mpaka chini, kikachimba shimo.

"Haya, moyo wa binti."

Nikajipapasa. "Sikuja nao."

"Umeuacha wapi?"

"Nina birika."

Kweli nilikuwa nalo, ndani ya mfuko wa rambo, bado la moto. Nikaliweka kwenye kitanga cha kushoto kwa heshima zote. Gulio zima likageuka kutazama.

"Hili ni birika," ikasema mizani.

"Lilituliwa kwa kishindo."

"Mwalimu, birika lina mpini wa bati. Mtu likimuunguza hulitua vipi?"

Mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa amekaa karibu na miguu ya mizani, akaniinulia macho. "Baba, huyo mtoto yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anasema?"

"Anasema vizuri tu. Na hesabu anajua."

"Sasa si ungemuuliza?"

"Nilikuwa na shughuli," nikamwambia. "Nilikuwa namtafutia neno."

Watu wakacheka. Hata dagaa walicheka, nao walikuwa wakavu. Nilipandwa na hasira, nikawaambia kuwa kazi hii inataka elimu, si ya kila mtu. Mizani ikakohoa.

"Basi tusipoteze siku. Weka moyo wako wewe, tuone kilichokukwamisha."

Moyo wangu ulikuwa kwenye mfuko wa shati, umefungwa kwenye gazeti kama karanga. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na kalamu nyekundu, ndogo, imetafunwa upande mmoja. Nikaiweka kwenye kitanga. Haikushusha kitu.

"Hiyo ni hofu ya kusahihishwa na Mganda," ikasema mizani. "Nyepesi. Na ndiyo hiyo iliyoziba njia nzima. Anayefuata!"

Niliona aibu. Si ile aibu ya ndotoni, ya kujikuta huna suruali mbele za watu, ingawa nilipoangalia chini na suruali nayo haikuwepo. Ilikuwa aibu ya kweli, ya mtu mzima, ya kujua kwamba kwa siku zote hizo nilipokuwa nikikunja uso juu ya karatasi, sikumfikiria Sauda hata mara moja. Nilimfikiria Sulaiti akiwasomea barua ndugu zake huko kwao Masaka, nao wakicheka mkato wangu.

Mizani ikapiga kengele. Kengele ikaendelea kulia, ikawa vigelegele.

Niko uani kwetu. Kuna turubai, kuna viti vya kukodi, sufuria za pilau zinafuka, na wanawake wa mtaa mzima wamevaa sare ya kitenge ambayo sikuchangishwa. Ijumaa imeshapita bila kunisubiri. Mzee Mntambo, mshenga, anakuja na kanzu iliyopigwa pasi na mikono miwili wazi.

"Mzee Mntambo! Bado natafuta neno!"

"Usijisumbue tena, mwalimu. Hukujibu, tumeelewa."

"Mmeelewa nini?"

"Ridhaa yako." Ananikumbatia. "Na kimya chako kilikuwa kizuri sana. Kijana kalia."

Nikatazama huku na huku. Wageni wangu wote walikuwa wamealikwa. Hate alikuwa mbele anacheza, kila anapokanyaga nyasi zinaungua. Bibi Loathe kapewa kiti cha wazee. Dislike anagawa soda na kumwomba radhi kila anayempa. Disgust anaonja pilau na kutikisa kichwa, na dada anamtazama kwa mbali, mwiko bado mkononi. Reluctance ndiye dereva wa gari la maharusi, na gari limekaa getini, nusu ndani, nusu nje.

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mtoto wa dada yangu, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, anaozwa kwa mtu kwa sababu mjomba wake hakupata neno. Nikaanza kukimbia kumwendea. Ua likarefuka. Kila nilipofika karibu, kidato cha tatu kizima kikasimama katikati na kuniamkia kwa pamoja, "Gudi moning, sa!" Na mimi, kwa mazoea, nikasimama kuwaitikia na kuwaambia waketi. Wakaketi. Nikakimbia. Wakasimama tena.

"Leo msisimame!" nikawapigia kelele. "Leo nina jambo!"

Wakaliandika hilo kwenye madaftari, wakapisha.

Sauda amekaa kwenye mkeka, amefunikwa mtandio, mikono ameinua mbele ili hina isiguse kitu. Mkono mmoja umekwisha kuchorwa, wa pili bado. Ananiona.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona huna suruali?"

"Natoka gulioni."

Akakubali, kama jibu lililojitosheleza. Nikachuchumaa mbele yake. Maneno yote matano yakaja na kusimama nyuma yangu kusikiliza, na nilihisi joto la Hate kisogoni.

"Sauda, nikuulize. Unamchukia Sulaiti?"

"Simchukii."

"Anakukera?"

"Hanikeri."

"Anakutia kinyaa?"

"Mjomba! Mtu msafi yule, kucha zake tu ukiziona."

"Sasa birika lile?"

"Liliniunguza. Si nilishamwambia mama abadilishe mpini?"

Nyuma yangu nikasikia Disgust akiaga. Lilibaki swali moja, jepesi, ambalo nyumba nzima hatukuwahi kuliuliza.

"Unamtaka?"

Sauda akaupuliza mkono wenye hina. "Simtaki, mjomba. Ni mtu mzuri. Akija dukani nafurahi. Anachekesha. Nimemuuzia dawa ya kupe nikijua hana hata mbuzi, na yeye anajua kuwa najua. Ila akiondoka, sigeuki kumtazama. Nimejaribu kugeuka, mjomba. Nimejilazimisha. Shingo haitaki."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama alikuwa analisikiliza birika. Wewe kila nikipita unaniambia nisikusumbue, unaniandikia barua yangu."

Nililia. Machozi yalikuwa mekundu, ya wino, yakachafua shati, na sikujali. Mtoto huyu alikuwa akipita nyuma ya kiti changu na jibu lote mdomoni, na mimi namwambia apunguze sauti ya redio.

"Hiyo hali," nikasema nikijipangusa, "kwa Kiingereza inaitwa..."

"Mjomba."

"Basi. Nimenyamaza."

Nikainuka, nikaenda alipokaa bwana harusi. Sulaiti kapendeza, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, amekaa kwenye kiti chenye mapambo na anatabasamu kwa watu wote. Nikafungua kinywa. Hapo maneno yakatibuka. Hate akaruka kinywani mwangu wa kwanza, Bibi Loathe akamfuata akimsukuma kwa kiwiko, Dislike akaingia chini ya ulimi akiomba radhi, Disgust akarudi kutoka alikokuwa amekwenda, hata Reluctance akaweka mguu mmoja kwenye jino. Nikakabwa. Nikakohoa kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili, wakaanguka mmoja mmoja kwenye zulia, wamelowa. Wageni wakapisha.

Ndipo nikasema kwa Kiswahili, kile cha kwetu cha nyumbani.

"Sulaiti mwanangu, Sauda hakutaki. Hana ubaya na wewe hata kidogo. Ila hakutaki. Na mimi nimechelewa kukwambia kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuonekana nimesoma."

Ngoma ikanyamaza. Pilau iliacha kufuka. Sulaiti akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mwalimu, mimi niliandika kwa Kiswahili."

"Najua."

"Kilikuwa kibaya?"

"Kilikuwa kizuri kuliko changu. Ndiyo iliyokuwa shida."

Akatoa mfukoni mwa kanzu kitambaa cha kijivu, kile cha kazini, akafuta uso. Hakuwa na haraka. Nikatamani ardhi inimeze, ila ardhi ya ndotoni ilikuwa imara.

"Inauma," akasema. "Sitakudanganya. Lakini kimya chako kiliniuma zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kukizoea, nikajipa matumaini, nikanunua na godoro." Akavaa kofia. "Mwambie Sauda nimeelewa. Ila sijala tangu asubuhi, mwalimu. Mnaweza kunifungia pilau nikale nyumbani?"

Dada Mwantumu, machozi yakimtoka, akakimbia kabatini akatoa sahani ile ya maua, ya wageni, akaijaza mpaka ikafanya mlima. Sulaiti akaifunika kwa kitambaa chake, akaagana na wazee kwa mkono, akaenda. Getini Reluctance akampisha bila kufikiria, akasogeza gari lote nje. Nilisikia sauti ya ndara zake ikipungua njiani.

Niliamka kumekucha. Shavu langu lilikuwa na alama ya ukingo wa kamusi. Karatasi ilikuwa pale pale, na salamu yake na mkato wake. Nikakumbuka kwamba leo ni Ijumaa.

Dada alikuwa bado amelala. Nilimsikia Sauda barazani akifagia. Kisha ufagio ukanyamaza.

"Shikamoo, mjomba. Sahani yetu ya maua ilikwenda kwa nani?"

Akaingia ameishika kwa mikono miwili. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kijivu, kinanuka girisi na ganda la chungwa. Aliikuta juu ya ukuta wa baraza, mahali ambapo paka hafiki.

Akafunua. Sahani ilikuwa imejaa sukari mpaka kwenye maua ya ukingoni.

Hapa kwetu sahani ya mwenzako huirudishi tupu. Mtu mwenye kinyongo ndiye hurudisha tupu, au akaivunja, au akakaa nayo mpaka ukaifuate. Anayeirudisha na sukari ni mtu ambaye bado anataka kukuamkia mkikutana njiani. Nikaigeuza kidogo sahani. Chini yake, kwenye ukingo, paliganda punje ya pilau na kipande cha iliki. Sisi hatujapika pilau tangu Idi.

"Hiki si kitambaa cha Sulaiti?" Sauda akauliza. "Anafutia mashine. Kimefikaje hapa?"

"Nimemjibu."

"Lini?"

"Usiku."

Akaweka sahani mezani, polepole, bila kishindo. "Umemjibu nini, mjomba?"

"Kwamba hutaki."

Alisimama akinitazama, na sijawahi kumwona mtoto yule akinitazama vile. "Nani alikwambia sitaki?"

"Wewe."

"Mimi hukuniuliza."

"Sikukuuliza," nikasema. "Naona aibu, mwanangu. Nakuuliza sasa. Unamtaka?"

"Simtaki," akasema. Akakaa chini pale pale sakafuni, akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kutoka kichwani. Nikakaa chini pamoja naye.

Alipomaliza, akajifuta kwa upande wa kanga, akaenda jikoni kuniletea chai. Akachota sukari kwenye ile sahani, kijiko juu ya kijiko, akakoroga, akanisogezea kikombe. Daktari amenikataza sukari tangu mwaka juzi, na Sauda analijua hilo. Nikainywa yote.